Gitaa la kifua kidogo lisiloumiza bega: nichukue lipi nikiwa Kigoma?

Mwalimu wa Gungu (Kigoma)

Habari zenu wapiga gitaa. Naomba ushauri kabla sijatuma hela Dar.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, naishi Gungu. Jioni nafundisha kwaya ya watoto, na Jumapili napiga rithim kanisani. Gitaa ninalotumia ni lile kavu kubwa la kawaida, la nyuzi za chuma, aliloniachia kaka yangu alipohamia Mwanza. Sauti yake naipenda sana. Shida ni kwamba hatulingani. Mimi nina urefu wa sentimita 152 na mikono yangu ni mifupi. Nikikaa nalo, mkono wa kulia inabidi upande juu ya sanduku kwanza ndipo ushuke kwenye nyuzi, kwa hiyo bega linabaki limeinuka muda wote. Ibada ikifika katikati nahisi moto kuanzia shingoni mpaka chini ya bapa la bega. Usiku wa Jumapili silali upande huo.

Mkono wa kushoto nao una mambo yake. Kodi ya F na B minor napiga, lakini kwa kung'ang'ana, na kidole kidogo hakifiki kinapotakiwa bila kukunja kiwiko kukileta ubavuni.

Nimelipima kwa futi ya fundi cherehani: sehemu pana ya sanduku karibu sentimita 40, unene wa chini sentimita 12, na uzi kutoka kwenye kimfupa cha juu mpaka cha darajani ni sentimita 65.

Ninachotaka ni gitaa nitakaloweza kulishika saa nzima mfululizo bila kuumia. Pia lisikike watoto thelathini wakiimba chini ya mwembe, kwa sababu mazoezi yetu ni nje. Na livumilie hali ya hewa ya huku ziwani. Nimejiwekea laki sita. Wapo wanaoniambia nichukue la mtoto, wengine wanasema la nyuzi za nailoni, na mmoja kanisani ameniambia nivumilie tu, mwili utazoea. Miaka yote hii haujazoea, na sitaki kuacha kupiga.

Hapa mjini hakuna duka ambalo ningeweza kukaa na magitaa kadhaa nikajaribu. Nitaagiza bila kuligusa, ndiyo maana nauliza kwa undani.

---

Kibirizi Kwetu

Dada, chukua la robo tatu, lile wanalouza kwa ajili ya watoto. Mimi ninalo nyumbani, jepesi, nalibeba mpaka mwaloni. Bei yake haitafika hata nusu ya hiyo laki sita. Nyuzi ziko karibu karibu, vidole havisafiri mbali. Hela inayobaki nunua spika ya kwaya.

---

Fundi wa Ng'ambo (Tabora)

Mwangaluka mwalimu. Mimi ni seremala hapa Tabora. Kinachonilisha ni vitanda na milango ya mninga, ila benchi la nyuma ni la magitaa. Nimekulia katika mji wa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz, na aliyenifundisha randa ndiye aliyekuwa akiwagundishia wapigaji galatoni zao, yaani magitaa kavu, zikipasuka. Kwa hiyo magitaa nimeyaona zaidi kwa ndani kuliko kwa nje.

Umefanya vema kupima. Vipimo vyako vinasema una gitaa la umbo ambalo wenzetu huita dreadnought, na jina hilo lilitoka kwenye manowari ya Waingereza ya mwaka 1906. Kampuni ya Martin ya Marekani ililitengeneza kwanza mwaka 1916 kwa ajili ya duka jingine, kisha likatoka kwa jina la Martin lenyewe mwaka 1931. Zamani magitaa yalikuwa madogo. Yalikuzwa kwa sababu mpigaji alitakiwa asikike mbele ya waimbaji na vyombo vingine, na vipaza sauti vilikuwa havijaenea. Wengi wetu tumelirithi umbo lile tukadhani ndilo gitaa lenyewe. Mtu wa sentimita 152 hana sababu ya kubeba deni la ukumbi wa watu wengine wa karne iliyopita.

Sasa sikiliza hapa, maana watu wengi hununua gitaa dogo na maumivu yakabaki palepale. Bega lako haliumizwi sana na upana. Linaumizwa na unene. Sanduku la sentimita 12 linausukuma mkono wa kulia mbele na juu, nawe unainama kuchungulia vidole vya kushoto kwa sababu uso wa gitaa uko mbali na kifua chako. Ukipunguza unene kwa sentimita moja na nusu tu, bega linashuka na shingo inanyooka. Upana unafuata: sehemu pana ya chini ndiyo mkono wa mbele unapolalia, ikiwa pana sana kiwiko hakipati pa kutulia. Mkono wa kushoto ni habari nyingine kabisa. Huo unatibiwa na urefu wa uzi.

Urefu wa uzi nao una hesabu yake, haubahatishwi. Uzi uleule, ukiukaza kwenye sauti ileile, mkazo wake unapungua kwa kipeo cha pili cha urefu. Toka milimita 645 uende 632, mkazo unapungua kama asilimia 4. Nenda 597, unapungua kama asilimia 14, na vidole vinausikia mara moja. Freti nazo, vile vyuma vilivyolala shingoni, zinasogeleana, ndiyo maana F inakubali.

Kwa hiyo ukisoma matangazo usitafute neno "dogo". Uliza namba tatu: unene chini kwenye kitako, upana wa juu kabisa wa sanduku, na urefu wa uzi. Muuzaji asiyeweza kuweka futi juu ya gitaa akakupigia picha, achana naye.

Ukubwa wa Martin ndio wengi wanaufuata, kwa hiyo uweke kichwani. Dreadnought ina upana wa milimita 397. Wanayoiita 000 ni 381, 00 ni 363, na 0 ni 343. Ukiona duka limeandika sifuri hizo, kadiri zinavyopungua ndivyo sanduku linavyopungua. Kuna pia magitaa ambayo shingo yanaungana na sanduku kwenye freti ya 12 badala ya 14. Hayo daraja limesogea katikati ya sanduku na shingo yote imekujia karibu. Mtu wa mikono mifupi hahitaji kuunyoosha mkono wa kushoto kufikia kodi za kwanza.

Kuhusu robo tatu ya ndugu yangu wa Kibirizi: kwa mtoto wa darasa la tatu, sawa kabisa. Kwa mtu mzima anayepiga kanisani, nasita. Yale ya bei ya chini uzi wake ni mfupi mno, nyuzi zikiwa za kawaida zinalegea, na sauti inahama kila ukibana kwa nguvu. Halafu shingo yake ni nyembamba, kodi ya A vidole vitatu vinagombania nafasi ya viwili.

Kwa kuwa huwezi kujaribu dukani, fanya hivi ninavyowafanyia wateja wangu wa Urambo na Nzega. Tafuta maboksi magumu, yale ya mafuta ya kula. Kata umbo la gitaa lenye upana wa sentimita 38, ujenge unene wa sentimita 11 kitako na 9 juu, ufunge kwa gundi na solotepu. Kata jingine la sentimita 36. Funga mpini wa fagio uwe shingo, utie alama ya kimfupa cha juu kwa kufuata urefu wa uzi. Kaa nalo kwenye kiti chako cha kanisani, siyo kwenye kochi, ukiwa umeshika hivyo hivyo unavyoimbisha. Kaa kipindi chote cha wimbo mrefu. Bega lako litakuambia kabla hujatoa hata shilingi.

Na kabla ya hayo yote: gitaa ulilonalo nyuzi zake ziko juu kiasi gani? Weka rula ya mwanafunzi kwenye freti ya 12, upime kutoka juu ya chuma cha freti mpaka chini ya uzi mnene. Nitumie namba.

---

Mwalimu wa Gungu

Shikamoo fundi. Asante sana. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba bega na vidole ni magonjwa mawili tofauti.

Nimepima freti ya 12: uzi mnene milimita 3 na nusu, uzi mwembamba milimita 3 kasoro kidogo. Kimfupa cha darajani kimechomoza kama milimita 5 juu ya mbao.

Boksi nimelijenga na watoto wa kwaya, wamefurahi kweli kweli, wakadhani tunatengeneza vyombo vya sikukuu. La sentimita 38 kwa unene wa 11 bega limeshuka, kiwiko kinalala chenyewe. La 36 ni raha zaidi lakini nahisi kama liko chini ya kwapa, linateleza. Kisha nikafanya jaribio langu mwenyewe: nikaongeza unene wa lile la 36 mpaka 12. Bega likapanda tena, ingawa upana ulikuwa uleule. Nimeamini.

Sasa nina maswali. Nikibadilisha nyuzi za chuma nikaweka nailoni kwenye hili nililonalo, si itakuwa rahisi? Na je, hapa kwetu hakuna fundi anayeweza kunitengenezea la mninga? Mbao tunazo.

---

Gumba na Shahada (Ujiji)

Mwalimu, mimi niko Ujiji, tungeweza kuonana, lakini acha nijibu hapa ili na wengine wafaidike.

Napiga kwa vidole viwili, gumba na shahada, ule mtindo wa Katanga ng'ambo ya ziwa uliojulikana kupitia Jean Bosco Mwenda. Gumba linatembea na besi, shahada inaimba juu. Kwa upigaji huo sanduku kubwa ni kero: besi inajaa, inafunika kile shahada inachosema. Sanduku dogo linajibu kwa mguso mdogo na kila uzi unasikika kwa jina lake. Nina Yamaha FS800 na ndilo ninalokupendekezea, kwa sababu vipimo vyake vinaangukia palepale boksi lako lilipokubali. Unene wake ni milimita 90 juu na 110 kitako, uzi 634. Ndugu yake FG800, ambalo maduka mengi watakupa usipokuwa makini kwa sababu herufi ni moja tu iliyobadilika, ni kubwa: unene 100 hadi 118, uzi 650. Soma herufi ya pili mara mbili kabla ya kulipa. Uso wake ni ubao mzima wa mspruce, mti wa mbao nyepesi wa nchi za baridi, siyo plaiwudi, na kimfupa cha juu kina upana wa milimita 43, kinatosha vidole vya mtu mzima bila kuvitawanya.

Ukitaka jembamba zaidi lipo APX600 la kampuni hiyohiyo, milimita 80 hadi 90, uzi 634, na lina waya wa kuchomeka kwenye spika. Hilo bega lako litalipenda kuliko yote. Lakini ukilipiga bila spika sauti yake ni nyembamba, na wewe una mwembe. Taylor GS Mini, uzi wa milimita 597, limetengenezwa kwa ajili ya watu wazima na sauti yake inashangaza kwa ukubwa ule. Tatizo ni bei, laki sita haitafika mlangoni.

Jambo jingine ambalo halina gharama. Unakaa vipi? Wapiga rithim wengi wa kanisani huweka gitaa kwenye paja la kulia, shingo ikaelekea chini sakafuni. Hapo kiwiko cha kushoto kinabanwa na bega la kulia linapanda. Liweke paja la kushoto, mguu huo uukanyagishe kigoda kifupi, shingo ipande ielekee usawa wa sikio lako. Shingo ikipanda hivyo, kiganja kinanyooka, na kidole kidogo kinafika. Au vaa mkanda hata ukiwa umekaa, uukaze mpaka gitaa likae palepale ukisimama au ukikaa. Mimi navaa mkanda siku zote. Mkono wa kulia haupaswi kushikilia gitaa. Kazi yake ni nyuzi tu.

Njoo Ujiji Jumamosi ulishike langu kabla hujaagiza.

---

Baba Kwaya Mwandiga

Naomba nitofautiane kidogo. Nimeongoza kwaya nje kwa muda mrefu, na ninawaambia, nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Watoto thelathini wakishika kiitikio, gitaa dogo linapotea. Dreadnought ina besi ya kuwashikilia wasikimbie. Mwalimu akibadilisha, watoto watapoteza mapigo, na mapigo ndiyo kila kitu kwa watoto. Bora ajenge nguvu za bega na apumzike katikati ya nyimbo.

---

Gumba na Shahada

Baba, heshima kwako, lakini kwa hoja ya besi sikubaliani. Nje besi ndiyo inayopotea kwanza, hata ya gitaa kubwa. Kinachofika kwa mtoto wa mstari wa nyuma ni sauti ya kati, ule mkwaruzo wa piki, kile kibapa cha kupigia, kwenye nyuzi za juu. Sanduku dogo lina nyingi ya hiyo. Tulijaribu kwenye kwaya ya vijana, gitaa kubwa na langu, mtu akasimama hatua nyingi nyuma kwenye njia ya Kibirizi. Alisikia mapigo ya yote mawili. Kubwa lilikuwa na sauti nene pale tulipokaa sisi, siyo kule alipokuwa yeye. Mwalimu akitumia piki ngumu kidogo na kupiga karibu na daraja, watoto watamsikia. Na mtu mwenye maumivu hapigi mapigo sawasawa.

---

Fundi wa Ng'ambo

Marahaba mwalimu. Jaribio la kunenepesha boksi la 36 limenifurahisha, nitalitumia kwa wateja wangu.

Nianze na nailoni. Ukiweka nailoni kwenye gitaa la chuma halitavunjika, lakini litanyamaza. Uso wake umejengwa kubeba mkazo wa nyuzi za chuma, ambazo seti ya 12 (namba hiyo ni ya unene wa uzi mwembamba kabisa) inavuta zaidi ya kilo 70 kwa jumla. Nailoni inavuta karibu 40. Haiwezi kuutikisa uso ule vizuri. Hatari kubwa ni kinyume chake, na naiandika kwa ajili ya wengine watakaosoma: msiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Nimeletewa yaliyong'oka daraja zima, na mengine uso umevimba hadi haurudi tena sawa. Gitaa la nailoni lililo halali ni zuri kwa vidole laini, ila kimfupa cha juu kina upana wa milimita 52 na uzi kawaida ni 650. Kwa mkono wako, F itakuwa ngumu zaidi, siyo rahisi.

Unachoweza kufanya leo ni kubadilisha seti ya 12 uweke ya 10. Mkazo utashuka hadi karibu kilo 60. Sauti itapungua kidogo, vidole vitashukuru.

Halafu shusha nyuzi. Milimita 3 na nusu ni juu. Kwa rithim ya kanisani nataka uzi mnene uwe 2 na nusu, mwembamba 2. Sheria ya kazi ni hii: ukitoa milimita 2 kwenye kimfupa cha darajani, uzi unashuka milimita 1 pale freti ya 12, kwa sababu freti ya 12 ni nusu ya urefu wa uzi. Wewe una milimita 5 zilizochomoza, ukitoa 2 zinabaki 3. Zinatosha, uzi bado utapinda vizuri kuingia darajani. Angekuwa mtu mwenye 2 tu zilizochomoza, ningemwambia asiguse, tatizo liko kwenye pembe ya shingo. Lakini kwanza angalia shingo. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, uchungulie freti ya 6 au ya 7. Pawe na mwanya mwembamba, karatasi nene ipite. Mwanya ukiwa mkubwa shingo imepinda mbele, na hiyo inarekebishwa kwa ufunguo wa alenki robo mzunguko, usiku kucha, kisha upime tena. Usimwachie mtu wa haraka.

Jaribu pia hili: weka kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, freti ya kwanza, upige kodi zako. Zikiwa rahisi ghafla, basi kimfupa cha juu nacho kina mitaro isiyo na kina cha kutosha. Ndicho kinachokukunja F yako. Nimeona watu wakinunua gitaa jipya kukimbia ugonjwa wa kimfupa cha juu, na jipya nalo likatoka kiwandani na ugonjwa uleule.

Kuhusu mninga. Swali hili liko moyoni mwangu. Mninga ni mbao nzuri ya mgongo na mbavu za gitaa: inapinda kwa joto bila kupasuka, inatulia haichezi sana msimu ukibadilika, na mlio wake ukigonga ni mzuri. Afrika Kusini wapo mafundi wanaoitumia. Mpingo nao tunao, mzito mpaka unazama majini. Huo ni wa ubao wa freti na wa daraja. Kinachotushinda ni uso. Uso unataka mbao nyepesi na ngumu kwa pamoja. Mspruce una uzito wa kilo 400 na kitu kwa mita ya ujazo, mninga umepita 600. Ukiuweka mninga usoni itabidi uuchonge mwembamba sana ndipo utikisike, na ukiwa mwembamba hivyo mkazo wa nyuzi utauvunja moyo. Mimi natafuta mbao nyepesi ya kwetu ya kufanyia uso na bado nagonga kila kipande kinachopita mkononi. Ukitengenezewa na mtu leo kwa laki sita, utapata sanduku zuri la kutazama.

Sasa hali ya hewa, maana uliuliza na hakuna aliyekujibu. Mbao inakunywa unyevu. Huko kwenu ziwani mvua zikianza Novemba, uso wa mspruce unavimba, daraja linapanda, na nyuzi unaziona juu tena. Kwetu Tabora Agosti na Septemba ni ukame mtupu: ubao wa freti unasinyaa, ncha za freti zinachomoza pembeni na kukata vidole, nyuzi zinashuka na kuanza kugonga freti. Magitaa yanataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Weka gitaa kwenye boksi lake, siyo ukutani. Kiangazi tia ndani sponji lililokamuliwa, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu. Masika toa sponji. Na ukishusha nyuzi, shusha kwa kipimo cha msimu wa katikati, usishushe Septemba ukafurahia.

---

Mwalimu wa Gungu

Jumamosi nilikwenda Ujiji. Nimelishika FS800 kwa muda mrefu, tukapiga pamoja mpaka adhana ya alasiri. Bega kimya. F inakubali kwa kidole kimoja bila kung'ang'ana. Kilichonishangaza ni shingo kuelekea juu kwa kigoda; nilipofika nyumbani nimelifanyia gitaa la kaka hivyo hivyo na hata lenyewe limepungua makali.

Baba Kwaya, nilikusikia. Nililichukua lile la Ujiji chini ya mwembe wetu, watoto wakaimba, msaidizi wangu akasimama getini. Mapigo aliyasikia. Besi hakuisikia, lakini anasema hata ya zamani hakuwahi kuisikia kutoka pale.

Kapo nimejaribu: ndiyo, kodi zilirahisika ghafla. Kwa hiyo kimfupa cha juu cha gitaa la kaka kina ugonjwa. Nimeamua hivi. FS800 naagiza Dar kupitia mdogo wangu, atalipima kwa rula palepale dukani, unene na freti ya 12, kabla ya kulipa. Gitaa la kaka sitaliuza. Fundi, nikikuletea Tabora kwa treni utaligusa? Likishushwa nyuzi, mvulana mmoja mrefu wa kwaya ataanza kujifunzia.

---

Fundi wa Ng'ambo

Lilete, mwalimu. Usiguse msasa mwenyewe, mitaro ya kimfupa cha juu ukizidisha nusu milimita inakuwa ya kutengeneza upya, na kipande cha mfupa kizuri ninacho hapa.

Lilegeze nyuzi zote kwa sauti mbili, usizitoe kabisa. Kichwa cha gitaa kizungushie nguo, maana shingo huvunjika pale gitaa likianguka chali. Usilikabidhi behewa la mizigo. Likae nawe au na mtu unayemwamini kwenye kiti. Mdogo wako naye mwambie hivyohivyo kwa lile la Dar, njia ni ndefu, na likifika Kigoma alifunge ndani ya boksi lake usiku mzima kabla hujalifungua na kulikaza, lizoee hewa ya ziwa polepole.

Pima tena freti ya 12 siku unayolipeleka gitaa stesheni, uandike kwenye karatasi ndani ya boksi. Nikilipokea nitapima langu, nione safari na Tabora vimelibadilisha kiasi gani.